Tuni za Majilio

Mchungaji alipobisha hodi, Mama Kinanda alikuwa amejilaza kwenye kochi, mto ameukumbatia tumboni, maana mshono ulikuwa bado unamvuta kila alipokohoa au kucheka. Kucheka hakukuwepo siku hizo, lakini kikohozi kilikuwepo. Mama mkwe wake ndiye aliyekwenda kufungua.

"Karibu, baba mchungaji. Pita ndani, usitazame vurugu."

Vurugu hazikuwepo. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi, safi kama nyumba iliyohamwa. Kitanda kidogo kilichokaa pembeni mwa dirisha kwa mwezi mzima kilikuwa kimeondolewa, kimeacha alama nne kwenye rangi ya sakafu. Mchungaji aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na alama hizo, akaweka mguu juu ya mojawapo bila kujua.

"Pole sana, mama," alisema.

"Nimeshapoa, baba mchungaji," alijibu Mama Kinanda, kwa sababu ndivyo watu wanavyojibu.

Mchungaji alikuwa kijana bado, mwenye sauti nzuri na mikono iliyokosa mahali pa kukaa. Alipewa chai, akaipuliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Aliuliza habari za kidonda, za usingizi, za hamu ya kula. Kila swali lilipata jibu fupi. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Jumapili hii ndiyo ya kwanza ya Majilio," alianza. "Na mkuu wa jimbo anakuja. Amechagua kanisa letu kati ya yote. Sasa yule kijana wa usharika wa jirani, yule tuliyemwomba akushikie nafasi kwenye kinanda, ametuangusha. Kapata safari. Tukakaa na wazee wa kanisa, tukaona kwamba, kwa kuwa sasa…"

Akakishika tena kikombe. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia tupu, hakumwachia.

"Kwa kuwa sasa nini, baba mchungaji?"

"Kwa kuwa sasa hana mtoto wa kunyonyesha," sauti nyingine ilidakia. "Si ndivyo ulivyotaka kusema?"

Mume alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, fulana imemgeukia nyuma mbele, macho mekundu. Alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate. Usiku wake ulikuwa mchana, na kila aliyemfahamu alijua kutopaza sauti nyumbani kwake saa za jua. Mkewe alikuwa akimwita Bwana Mikate kwa utani. Tangu warudi kutoka hospitali alikuwa hajamwita jina lolote.

"Sikuwa na nia mbaya, ndugu yangu," alisema mchungaji.

"Najua huna nia mbaya. Asubuhi ile nilikuja ofisini kwako unga ukiwa bado kwenye nywele zangu. Mke wangu yuko wodini hajazinduka. Sikukuomba ibada. Sikukuomba mahubiri. Nilikuomba upige kengele. Ukaniambia nini?"

"Utaratibu wa kanisa…"

"Kwamba hakubatizwa. Nikakuuliza, mtoto aliyetoka tumboni ameshakufa ningembatiza saa ngapi? Ukaniambia, ndiyo maana. Ndiyo maana! Nimeligeuza neno hilo kichwani huku na huku, mpaka leo sijalielewa."

"Niliomba nawe pale mlangoni," mchungaji alisema kwa sauti ndogo. "Nisingeweza zaidi. Kuna watu juu yangu."

"Mlangoni. Ndiyo. Nimesimama na boksi mkononi, mlangoni."

Mama Kinanda alikuwa hajasikia habari ya boksi. Alikaa wima, taratibu, akijishika ubavu. Wote watatu walimgeukia kama walioamshwa.

"Nani atachagua nyimbo?" aliuliza.

"Wewe mwenyewe, kama siku zote," mchungaji alisema haraka, rangi ikimrudia usoni. "Hatukuingilii. Ila tu, mama, ziwe za matumaini. Mgeni asije akaona tumelegea."

"Nitakujibu," alisema. "Maliza chai yako."

*

Jina la Mama Kinanda alibandikwa na wanakwaya. Mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la mtoto wake. Yeye alikaa miaka kumi na moja bila mtoto, watu wakaona si vizuri kumwacha hivihivi, wakampa kinanda. Alicheka pamoja nao. Mimba ilipoanza kuonekana, kwaya nzima ilimpigia vigelegele, na mwenyekiti wao akamwambia, "Haya, sasa jiandae kubadilisha jina!" Jambo hilo lilisemwa mbele ya watu wengi, na sasa hapakuwa na namna ya kulirudisha.

Jioni hiyo mume alikuwa akikunja aproni yake kwenye mfuko, tayari kwenda kazini. Mkewe alimfuata jikoni, akakaa kwenye kigoda.

"Usiende Jumapili," mume alisema kabla hajaulizwa. "Waache waimbe kwa kupiga makofi. Mimi kanisa lile sikanyagi tena, na siku nikifa wanipeleke moja kwa moja makaburini."

"Kwenye boksi la nini?"

Alielewa swali. Akaacha kukunja aproni.

"La hamira. Lile gumu, lenye mfuniko. Wenzangu kiwandani walilisafisha, wakalitandika kitambaa cheupe kipya, kile tunachofunikia unga. Halikuwa baya. Usilifikirie kama boksi."

"Mlikuwa nani na nani?"

"Mimi, na mwenzangu wa zamu, na mchimba kaburi. Mama nilimkataza, nilitaka akae na wewe."

"Mkafanyaje?"

"Tukafanya… Unataka kuyasikia ya nini, bibie?"

"Kwa sababu mimi sikuwepo. Nililala nina mtoto, nikaamka sina, na katikati hapo watu wengine wote walikuwepo ila mimi. Niambie. Nani aliimba?"

Mume alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa, imeungua hapa na pale kwa trei za moto.

"Hakuna aliyeimba," alisema. "Mchimba kaburi alituuliza kama tuna kitabu. Hatukuwa nacho. Mwenzangu akakohoa. Mimi nilifungua mdomo niimbe, wallahi nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Nikasimama vile, mdomo wazi kama mjinga. Tukafukia, tukarudi."

"Kwa hiyo alifukiwa kimya."

"Kimya."

Mama Kinanda alitikisa kichwa, lakini hakulia. Mtoto yule alikaa miezi minane nyuma ya vibao vya kinanda. Alijua ibada nzima. Kwenye besi alikuwa anapiga teke, kwenye sauti nyembamba alitulia. Wanakwaya walishaanza kumtania kwamba atazaliwa akidai noti zake. Na alizikwa watu wakikohoa.

"Nisamehe," mume alisema.

"Sina cha kukusamehe. Sauti ilikukwama."

Mama mkwe, ambaye alikuwa sebuleni akijifanya hasikii, aliingia na kuanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Mimi wangu wawili nilizika kabla ya huyu," alisema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu kana kwamba ni kiti. "Nyuma ya nyumba. Hakuna aliyekuja hata kuniambia pole. Asubuhi yake nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji. Ukikaa ukayafikiria haya, mwanangu, yatakula. Kunja kila kitu, funika, simama."

"Uliwaimbia, mama?"

Mwanamke mzee aligeuza kikombe, akakitazama ndani.

"Moyoni," alisema. "Nani angenisikia?"

*

Ijumaa Mama Kinanda alikwenda kanisani, akitembea kwa hatua za mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Kanisa lilikuwa limefunguliwa kwa ajili ya usafi. Wanawake wa zamu walikuwa wakifuta mabenchi. Walipomwona walipunguza sauti zote kwa pamoja, wakamwamkia kwa huruma iliyozidi kipimo, kisha wakafuta benchi moja lilelile kwa muda mrefu.

Alipanda ngazi za ukumbi wa kwaya akipumzika katikati. Kinanda kilikuwa kama alivyokiacha: mabomba yake yamesimama ukutani kwa kimo, kitambaa cha kuzuia vumbi kimefunika vibao. Aliketi. Alinyoosha mikono, na mikono haikufika.

Kwanza hakuelewa. Kisha akaona. Kadiri tumbo lilivyokuwa linakua, alikuwa akilisogeza benchi nyuma, kidogo wiki hii, kidogo wiki ijayo, mpaka likawa mbali kabisa. Alisimama, akalishika benchi kwa mikono miwili ili alivute mbele, akakumbuka kwamba ameambiwa asinyanyue kitu. Akalisukuma kwa goti. Lilikwaruza sakafu kwa mlio uliojaza kanisa zima, na huko chini matambara ya wanawake yakaacha kufuta.

Alifungua kitabu cha nyimbo kwenye sehemu ya Majilio, zile wiki za kuingoja Krismasi. Nyimbo hizo alizijua kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake. Alijaribu ule wa matawi, ule ambao watoto huupenda, wenye kurukaruka. Vidole vilikwenda vyenyewe, na yeye akavisikiliza kwa mbali. Kwenye ubeti wa tatu yalikuwepo maneno ya mtoto anayekuja, na kitanda chake kilicho tayari. Akaacha. Akajaribu mwingine. Huo nao ulikuwa na mama mbarikiwa. Kila alikofungua palikuwa na mtoto. Msimu mzima ulikuwa na mimba.

Akafunga kitabu. Alikuwa tayari kushuka, amwambie mchungaji atafute mtu hata wa kupiga ngoma. Ila vidole vyake vilikuwa bado juu ya vibao, na bila kukusudia vikapiga mistari miwili ya wimbo mwingine wa Majilio, ule wa mlinzi anayengoja alfajiri juu ya ukuta wa mji. Wimbo wa zamani, mzito, ambao vijana hawaupendi. Alipiga mstari wa kwanza, wa pili, akasita. Aliujua kwa maneno mengine.

Katika kitabu cha nyimbo, tuni ni kama nyumba ya kupanga. Maneno haya yanakaa leo, mengine kesho. Tuni ya mlinzi ilikuwa na wapangaji wawili. Mbele kitabuni iliimbwa wakati wa Majilio. Nyuma kabisa, kwenye kurasa ambazo pembe zake zimechakaa kwa kushikwa na mikono yenye jasho, iliimbwa jeneza linapoingia mlangoni.

Alifungua nyuma. Akarudi mbele. Akapata wa pili: tuni ya wimbo wa taa zinazotunzwa zisizimike ndiyo hiyohiyo iliyoimbwa kabla ya mwili kutolewa nje. Wa tatu ulimchukua muda. Aliutafuta kama mtu anayetafuta kitambulisho mifukoni, akipapasa, na alipoupata aliupiga wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya chini, besi za miguuni akizikanyaga kwa ncha ya kiatu kwa sababu ya mshono. Huo ulikuwa wa kuagana. Kitabu kiliuita wa Majilio kwa sababu maneno yake yalisema "mpaka utakapokuja." Wenye kuzika waliuimba "mpaka nitakapokuja," wakiwa wamesimama, udongo ukishuka.

Hakuona tena kwamba anachagua nyimbo za Jumapili. Alikuwa anamzika mtoto wake.

Hatua zilipanda ngazi. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mwenye mwili na sauti ya kutosha watu wawili.

"Nimesikia kinanda, nikajua ni wewe. Mungu akutie nguvu, mdogo wangu. Sasa sikiliza. Nimeshawaambia kina mama wenye watoto wachanga wakae nyuma kabisa, karibu na mlango. Usije ukawaona."

"Ungewaacha tu, dada."

"Hapana, hapana. Na lile gauni pana usilivae. Watu watatazama. Vaa lile la bluu la zamani, limekubana vizuri, watasahau haraka."

Mama Kinanda alisema asante. Lilikuwa neno jepesi kulitoa kuliko mengine yaliyokuwa yamemjaa kifuani.

"Tuambie basi, tunaimba nini? Kwaya iko chini inapanda."

Alimtajia. Mwenyekiti alikunja uso kidogo. "Mlinzi? Mbona mzito hivyo? Mgeni…" Akaanza kuuimba kwa kufumba mdomo, akipima kwa kidole hewani. Alifika mstari wa pili. Kidole kikabaki juu.

"Tuni hii," alisema polepole, "ndiyo tuliyomwingizia marehemu mume wangu kanisani."

"Najua. Nilipiga mimi."

"Na huo wa taa ni…"

"Ndiyo."

"Na wa mwisho pia?"

"Na wa mwisho."

Mwenyekiti alijishusha kwenye ngazi, akakaa bila kujali sketi yake. Chini yao wanakwaya walianza kuingia, mmoja akipiga chafya, mwingine akicheka na kunyamazishwa.

"Mchungaji anajua?"

"Maneno ni ya Majilio, dada. Yamo kitabuni. Ameniambia nichague mwenyewe."

"Akija kujua itakuwa kasheshe."

"Akija kujua."

Mwenyekiti alijifuta uso wote kwa kiganja, kuanzia paji hadi kidevu, kama anayejifuta maji. Kisha akasimama, akashika chuma cha ngazi, akawaita wanakwaya wake kwa sauti ileile ya siku zote.

"Haya, pandeni! Sauti ya pili, nawaomba leo msikimbie. Nyimbo hizi hazina haraka."

*

Jumapili kanisa lilijaa kabla ya wakati. Viti vya plastiki viliongezwa kwenye njia, na wazee wa kanisa walivaa tai. Mkuu wa jimbo alikuwa mzee mwembamba aliyetembea na fimbo. Mchungaji alimtangulia akimwonyesha hili na lile, pamoja na mabomba ya kinanda, kana kwamba ameyaunda yeye.

Mama Kinanda alivaa gauni pana. Mama mkwe alimnyooshea mabegani. Alimpandisha ngazi akimshika kiwiko, akakataa kurudi chini, akaketi kwenye kigoda nyuma ya benchi la kinanda. "Mimi sioni mbali," aliwaambia wanakwaya waliomtazama. "Nakaa karibu." Mume alikuwa amerudi kutoka kazini asubuhi, akanawa, akasema analala. Mkewe hakumsihi.

Alianza kwa mlinzi. Aliupiga kwa mwendo wa watu wanaobeba kitu. Chini yake kanisa lilisimama, mchungaji na mgeni wake wakaingia kwa mlango mkubwa wakipita katikati, na kwaya ikaimba habari za ukuta wa mji na usiku mrefu. Mama Kinanda hakuwatazama waliokuwa wakiingia. Alikuwa akitazama kitu kidogo zaidi, kilichofunikwa kitambaa cha unga, kikipita katikati ya watu waliosimama kwa heshima. Alihakikisha kimefika mbele kabisa ndipo akamaliza.

Kila besi ilimchoma. Alikuwa amejiambia atazikanyaga nusu, lakini miguu ilikataa kumpunja mtoto. Jasho lilimtoka mgongoni. Wakati wa masomo aliegemeza paji la uso kwenye mbao za kinanda, mama mkwe akampepea kwa karatasi ya matangazo.

Kisha ukaja wakati wa kuwasha mshumaa wa kwanza. Mchungaji alikuwa ameagiza muziki wa taratibu usio na maneno. Mama Kinanda alivuta kifungo kimoja tu, kile cha sauti ya filimbi, akapiga kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote. Kilikuwa kile alichozoea kukiimba kwa kufumba mdomo nyumbani akipiga pasi, ambacho mtoto alikuwa akitulia akikisikia. Noti chache, zikienda na kurudi. Mama kama wengine wote, alitunga wimbo wa kubembeleza, na leo ndiyo mara ya kwanza kuupiga kwa vidole.

Huko nyuma, karibu na mlango, mtoto mchanga akalia.

Alilia kilio kile kikali cha njaa, kisichokubali maelezo. Mama yake alihangaika kumnyamazisha, watu wakageuka, na Mama Kinanda akahisi kitu kikimshuka kifuani, cha moto, chenye nguvu kuliko yeye. Maziwa yalimtoka. Yaliloanisha gauni, upande huu na upande huu, madoa mawili yakikua mbele ya wanakwaya wote. Mwili wake haukuwa umeambiwa. Ulisikia mtoto akilia, ukafungua.

Mikono yake ilikuwa juu ya vibao. Asingeweza kujifunika bila kuukata wimbo. Hakuukata. Machozi yalianza, ya kwanza tangu hospitali, yakashuka yakakutana na maziwa. Mwanakwaya mmoja kijana alitazama pembeni kwa aibu.

Mama mkwe akasimama. Alivua mtandio wake kichwani, yeye ambaye hakuna mtu aliyewahi kuziona mvi zake kanisani, akamfunika mkwewe kuanzia shingoni hadi mapajani, akaufunga fundo nyuma ya shingo. Kisha hakurudi kwenye kigoda. Alibaki amesimama nyuma yake, mikono miwili mabegani mwake, na karibu kabisa na sikio lake akaanza kuimba. Hakuujua wimbo ule. Alikuwa anaufuata tu, noti moja nyuma, kwa sauti iliyochakaa ya mtu ambaye hajaimba kwa nguvu miaka mingi. Mama Kinanda alielewa kwamba hakuwa anamwimbia mtoto mmoja tu. Akaurudia wimbo tangu mwanzo, na mara ya tatu tena, mpaka mchungaji kule madhabahuni akaanza kutazama juu.

Mshumaa ulikuwa umeshawaka zamani.

Wimbo wa taa ulipita. Mahubiri yalikuwa marefu na yalihusu subira. Ulipofika wa mwisho, wa kuagana, mchungaji aliwaambia watu waketi, ili mgeni ajiandae kutoka kwa nafasi. Kanisa likaketi. Mama Kinanda alipiga utangulizi, akainua macho kwenye kile kioo kidogo kinachomwonyesha mpiga kinanda yanayotendeka chini, akamwona mtu mmoja amesimama.

Alikuwa mlangoni, na shati la kulalia, viatu bila soksi. Kofia alikuwa ameishika kifuani. Mzee wa kanisa mmoja alimwonyesha kiti kwa ishara, hakukaa. Mzee akamrudia, akamshika mkono, yeye akautoa. Alisimama vile watu wanavyosimama makaburini kwenye tuni hiyo, uso mbele, na alipofika kwenye "mpaka," mdomo wake ukafunguka. Mkewe hakuweza kumsikia kutoka juu. Aliona tu kwamba safari hii mdomo haukubaki wazi. Ulikuwa unakwenda, neno kwa neno, na maneno hayakuwa yale ya Majilio.

*

Baada ya ibada mchungaji alimleta mgeni chini ya ngazi za kwaya kumpongeza mpiga kinanda.

"Muziki mtulivu sana leo," mchungaji alisema, akisugua viganja. "Ulirefusha kidogo kwenye mshumaa, lakini ulifaa. Ulifaa. Unaona, mama? Kazi ndiyo dawa."

Mkuu wa jimbo alisogea karibu. Aliutazama mtandio uliofungwa shingoni, na yule mwanamke mzee aliye kichwa wazi pembeni yake, na mwanamume mwenye shati la kulalia. Akaupokea mkono wa Mama Kinanda kwa mikono yake yote miwili, fimbo ikining'inia kwenye kiwiko.

"Binti yangu," aliuliza taratibu, "leo tumemzika nani?"

"Mtoto wangu, baba. Wa kike."

Mzee aliinamisha kichwa. Mchungaji alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilibaki usoni lenyewe, mwenyewe ameshaondoka. Alimtazama Mama Kinanda, akamtazama mume. Mzee wa kanisa mmoja akaja akisema chakula kiko mezani na mgeni anangojwa. Mkuu wa jimbo alitaka kuongeza neno, ila walishamshika kiwiko, wakamgeuza, akaenda nao akitazama nyuma.

"Twende nyumbani," mama mkwe alisema. "Umesimama vya kutosha."

"Nyumbani baadaye, mama," alijibu. Akamgeukia mumewe. "Nipeleke."

Hakuuliza wapi.

Makaburi yalikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya yadi ya kuuzia matofali. Walitembea kidogokidogo, yeye akimwegemea, wakapita makaburi ya saruji, ya vigae, ya watu wenye picha zao na tarehe. Kona ya mwisho, kwenye ukuta, palikuwa na matuta madogo yasiyo na kitu juu yake, yamekaribiana kama mikate kwenye trei. Mvua ilikuwa imeshayapiga. Mume alisimama, akatazama, na kwa muda mkewe aliogopa kwamba amelisahau. Halafu akanyoosha kidole.

"Lile. La pili kutoka ukutani."

Lilikuwa fupi mno. Alikuwa amejiandaa kwa udogo, lakini si udogo ule. Hata mtandio wa mama mkwe ungelifunika lote na kubaki. Alilitazama upande huu, akazunguka, akalitazama upande wa pili. Lilikuwa sawa kila upande.

"Kichwa chake kiko upande gani?" aliuliza.

Mume alimwonyesha. Akaenda upande huo, akashika bega la mumewe ili ajishushe bila kuuvuta mshono, akaketi udongoni na gauni lake pana, akaulaza mkono juu ya tuta.